“Steve” alikuwa mwanamke: tunayoyakosea kuhusu Stephanie Shirley

Wakitajwa wanawake waliojenga biashara ya programu za kompyuta, jina la Stephanie Shirley halikosekani, ila kisa chake husimuliwa nusunusu. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, baba yake Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na miaka 5, alipandishwa treni pamoja na dada yake kwenda Uingereza, kuwakimbia Wanazi, akalelewa na watu asiowajua. Mwaka 1962 alianzisha kampuni ya Freelance Programmers.

Dhana: Alijifanya mwanamume ili apate wateja.

Ukweli: Barua za kuomba kazi alizotia saini ya Stephanie hazikujibiwa. Mumewe, Derek, akamshauri atumie Steve, jina lake la utani la nyumbani, na majibu yakaanza kuja. Lakini siku ya kikao aliingia yeye mwenyewe na mteja akamwona. Saini ilimfungulia mlango tu, kazi ilibidi aiuze kwa ujuzi wake. Na ujuzi alikuwa nao: tangu miaka ya 1950 alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, London, akiandika programu kwa lugha ya mashine yenyewe, na jioni akisomea shahada ya hisabati. Pamoja na hayo, Uingereza ya wakati ule haikumruhusu kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mume.

Dhana: Ilikuwa kampuni ya akina mama wa nyumbani waliojishikiza kwa vibarua vidogo.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inawanyang’anya watu jasho lao. Wanawake hao walikuwa mafundi waliokwisha kufunzwa, wakaacha kazi kwa kuolewa au kupata watoto. Ujuzi wao ulikuwa umekaa bure majumbani, na Shirley akauona kuwa ni mali. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Waliandika programu kwa penseli kwenye karatasi, wakazituma kwa posta hadi kwenye kituo cha kompyuta, zikatobolewa kwenye kadi au utepe wa karatasi, kisha zikatobolewa mara ya pili ili kuhakiki kwamba hakuna kosa. Simu ndiyo ilikuwa ofisi yao, hata mwombaji kazi aliulizwa kama anayo. Mteja akipiga, Shirley aliwasha kanda iliyorekodiwa mlio wa taipureta ili kelele za mtoto zisisikike.

Tena kazi walizopewa hazikuwa ndogo. Waliandika programu za kushughulikia data za kisanduku cheusi, yaani kinasa taarifa za safari, cha ndege ya Concorde. Mteja alitajiwa bei moja ya kazi nzima, si malipo ya saa, kwa hiyo wakichelewa, hasara ilikuwa yao. Kampuni inayodumu kwa mikataba ya namna hiyo imejua kukadiria kazi na kusimamia watu ambao hawaketi chumba kimoja. Anayedhani kufanyia kazi nyumbani kumeletwa na korona, au na intaneti, ahesabu miaka tangu 1962.

Dhana: Aliingia kwenye soko lililo wazi, akiwa na mtaji wa kutosha.

Ukweli: Alianza na pauni 6. Programu zenyewe zilitolewa bure pamoja na kompyuta, hivyo wazo la kuziuza peke yake lilichekwa.

Dhana: Sheria ya usawa wa jinsia ilikuja kumwokoa.

Ukweli: Ilimbana. Sheria ya 1975 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia ilifanya utaratibu wake wa kuajiri wanawake kuwa kosa, ikabidi milango ifunguliwe kwa wanaume pia.

Dhana: Alitajirika peke yake kwa kuwa nyumbani kwake kulikuwa shwari.

Ukweli: Robo ya kampuni aliiweka mikononi mwa wafanyakazi bila wao kutoa senti, na kampuni ilipopanda thamani, 70 kati yao wakawa mamilionea. Ama nyumbani, hakukuwa na utulivu. Mwanawe wa pekee, Giles, aliyezaliwa 1963, alikuwa na usonji mkali na alipoteza hata maneno machache aliyokuwa ameanza kusema. Mama huyu aliendesha kampuni mchana na kumhangaikia mwanawe usiku, hadi afya yake mwenyewe ikavunjika. Alistaafu mwaka 1993, na sehemu kubwa ya mali yake akaitoa kwa ajili ya watu wenye usonji. Giles alikuwa mkazi wa kwanza wa makao ya Kingwood yaliyoanzishwa na mama yake. Alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35. Mwaka uliofuata, mama yake alifungua Prior’s Court, shule ya watoto kama yeye.