Viza ya mfugaji Australia: kujua ng'ombe pekee hakutoshi

Kuna hii stori imezunguka miaka mingi, eti kama umechunga ng'ombe tangu utotoni basi Australia wanakupa viza ya ufundi kama mfugaji. Hapana jamani, wanaoumia ni watu wanaolipia mawakala kwa kuamini hivyo.

Kwenye ANZSCO, orodha yao ya kazi, mfugaji anahesabiwa kama meneja na yuko ngazi ya 1, yaani digrii, au uzoefu usiopungua miaka 5 unaoweza kushika nafasi yake. Anayelisha, kukamua na kusafisha banda yuko kundi la vibarua, kazi ya heshima kabisa lakini njia yake ni nyingine.

Mfano wa ng'ombe wa maziwa: wanataka kuona ni wewe unayeamua dume gani lipandishe, unapanga malisho na chanjo, unaweka rekodi, unauza, unashika bajeti na kusimamia wafanyakazi. VETASSESS, shirika la Australia linalopima ujuzi wa waombaji, ndio wanapima hayo kwanza, na wanahesabu kazi ya kulipwa, saa 20 kwa wiki kwenda juu, kwahiyo kusaidia nyumbani bila malipo hakuingii. Viza za ufundi zinazotolewa kwa kuhesabu pointi za mwombaji nazo zinataka angalau pointi 65 na uwe hujafika miaka 45.