Je, kioo cha dirisha la Lockwood kilivunjika?

Kila ninapofundisha sura ya tatu ya Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya mwaka 1847, huwauliza wanafunzi swali moja: baada ya usiku ule, kioo kilikuwa kizima au kimevunjika? Wanafunua kurasa mbio mbio. Jibu hawalipati, maana mwandishi hakuliweka.

Kisa chenyewe: ni 1801, kaskazini mwa Uingereza, theluji imeziba njia. Lockwood, mpangaji mpya wa Heathcliff, analala nyumbani kwa Heathcliff, kwenye kitanda kilichozungushiwa mbao kama kabati, ubavuni mwa dirisha. Ukingoni pamekwanguliwa majina: Catherine Earnshaw, Catherine Heathcliff, Catherine Linton. Anasoma maandishi ya utotoni ya huyo Catherine mpaka usingizi unamchukua. Anaota mahubiri yasiyokwisha, anazinduka, kumbe ni tawi linagonga kioo. Analala tena, tawi linagonga tena. Safari hii anapiga kioo ngumi, ananyoosha mkono alikamate, anashika vidole vidogo vya baridi kama barafu. Sauti inajitaja kuwa Catherine Linton na kuomba iingizwe, na uso wa mtoto unachungulia dirishani.

Anayesema ni ndoto ana hoja nzito. Tawi lilishagonga, majina alishayasoma. Na kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: Lockwood anafoka kwamba hatafungua hata akiombwa miaka 20, na sauti inalia kwamba naam, ni miaka 20. Hesabu imetoka kinywani mwake mwenyewe! Catherine alifariki 1784, yaani miaka 17 nyuma. Ndoto ndiyo yenye tabia ya kudaka neno la mwotaji na kumrudishia.

Lakini sasa, mbona uso ni wa mtoto na jina ni Linton, la ndoa? Lockwood mwenyewe anashangaa, kwani Earnshaw ndilo alilolisoma mara nyingi zaidi, na habari za marehemu bado hajasimuliwa.

Ann Radcliffe, mwandishi wa riwaya za kutisha aliyemtangulia Brontë, asingetuacha hapa. Katika The Mysteries of Udolpho (1794) kile cha kutisha nyuma ya pazia huja kuelezwa kuwa ni sanamu ya nta, na msomaji anabaki kama aliyenyang'anywa tonge. Sisi Waswahili tuna neno jinamizi, wala hatuulizani sana kama ni ndoto au ni kitu kilichokukalia kifuani. Nadhani Brontë angelipenda.

Turudi dirishani. Ukelele wa Lockwood ulikuwa wa kweli, kwani ulimleta Heathcliff na mshumaa mkononi. Akishasimuliwa, anapanda kitandani, analivuta dirisha kwa nguvu mpaka linafunguka, analia na kumwita Cathy, yaani yule Catherine, mpenzi wake aliyefariki, aingie. Upepo na theluji vinaingia, mshumaa unazimika. Basi hata ungetaka kukikagua kioo, ungekiona kwa taa gani? Aliyeamini kwa moyo wote ndiye aliyevuruga ushahidi, na hapo mimi huona mkono wa fundi.

Mwishoni mwa riwaya Nelly, mtumishi wa nyumba, anamkuta Heathcliff amekufa kwenye kitanda kile kile, dirisha wazi, mvua imemlowesha. Dirisha lililokuwa likipigapiga limemchubua mkono. Usiku ule wa theluji, Lockwood alikisugua kifundo cha mkono wa yule mtoto kwenye kioo kilichovunjika mpaka damu ikalowesha matandiko. Sasa ni asubuhi, Nelly yu macho, anautazama mkono wa mtu halisi wenye ngozi iliyochanika, na hakuna hata tone.