Stimingi ya tui la nazi na bamia, ninavyoichanganya jikoni

Ijumaa moja mchana aliingia saluni dada mmoja, kitenge kichwani, sendofu yake ni kesho yake jioni. Alipokifungua nikaona vipande vidogo vya kahawia vimekaukia katika nywele zake zote, kuanzia mizizini mpaka nchani. Ilikuwa ndizi. Alikuwa amesikia faida zake, akaponda mbili kwa uma, akapaka, akakaa saa nzima, kisha akaosha mara tatu na ndizi ikagoma kutoka. Tuliitoa kwa mafuta, kondishena na chanuo, fungu moja moja, mpaka magharibi. Nywele nyingi zilikatika njiani, na yule dada alilia. Iliniuma, maana hakuna aliyewahi kumwambia neno ambalo sisi wasusi tungepaswa kulisema kila siku: unywele hauli.

Mzizi ndio unaolishwa, tena na damu, ndani ya ngozi. Unywele ukishatoka nje hauna uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, ncha za magamba zikielekea chini. Vitamini za ndizi hazina pa kuingilia hapo. Kwa hiyo mteja akiniletea kitu cha jikoni, simuulizi kina virutubisho gani. Namuuliza: kikikaa juu ya uzi huu kitafanya nini? Kitapenya? Kitateleza ili chanuo lipite? Kitashika maji? Kama hakifanyi hata kimoja, kirudi jikoni kikaliwe.

Na nywele zetu za kipilipili zinahitaji msaada huo kuliko za singa. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele uliojikunja mara ishirini yanaishia njiani, na ncha inabaki kavu. Kila kona ya mkunjo nayo ni mahali pa kukatikia. Unywele wa binadamu hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, wa kwetu pungufu kidogo. Anayesema nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua vizuri tu. Tatizo ni kwamba zinakatika nchani kwa kasi ileile zinavyoota mizizini.

Nimejaribu vitu vingi katika miaka yangu ya ususi, na kwa stimingi, yaani kupaka nywele mchanganyiko wa kulainisha na kuzifunika kwa joto, viwili ndivyo nimevibakiza: tui la nazi na bamia.

Nazi nimeizoea tangu Pangani, kwa bibi yangu. Jioni alikuwa akikaa juu ya mbuzi, anakuna nazi mbili, moja ya mchuzi na moja ya vichwa vyetu. Ya vichwa aliikamua kwenye kifumbu bila kuongeza maji mengi, kasimile nzito, akaiinjika kwenye sufuria ndogo mpaka mafuta yakajitenga na mashapo yakawa ya kahawia. Mafuta yale alitupaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha nywele, hakusubiri tumalize kuosha. Nilidhani ni mazoea tu. Baadaye nilisoma utafiti wa Rele na Mohile wa India, uliotoka mwaka 2003 katika Journal of Cosmetic Science. Walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakakuta ni ya nazi tu yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Sababu ni asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi. Molekuli yake ni ndogo na imenyooka, nayo inapatana na protini, kwa hiyo inaingia ndani ya unywele. Maji yanapokuja, unywele hauyanyonyi na kuvimba sana, na magamba hayainuki ovyo. Bibi alikuwa sahihi.

Bamia kazi yake ni nyingine. Ule ute ambao wengine hawaupendi kwenye mlenda ndio tunaoutaka. Haupenyi popote, lakini unautandaza utelezi juu ya magamba, na chanuo linapita bila kung'oa.

Kwa kichwa chenye nywele za kufika mabegani, natumia nazi moja iliyokomaa. Ikune, nyunyizia nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, ikamue kwenye kifumbu, halafu lipitishe tui tena kwenye kitambaa safi chepesi. Usiridhike na kifumbu peke yake. Machicha ni madogo, huyaoni ukiwa jikoni, utayaona kwenye kioo kesho yake. Liache tui kwenye friji usiku kucha. Asubuhi krimu itakuwa imeganda juu. Hiyo ndiyo ya nywele, chota vijiko vikubwa 6. Maji yaliyobaki chini pikia wali.

Bamia 12 changa, zioshe, zikatekate vipande vyembamba, chemsha kwenye vikombe 2 vya maji kwa dakika kama 12 kwa moto mdogo. Inua kijiko: ute ukivuta uzi mrefu usiokatika, umeiva. Chuja papo hapo ungali moto, kwa soksi nyembamba ya nailoni ambayo haijavaliwa. Ukiuacha upoe kwanza utakamua mpaka mikono iume na nusu ya ute ibaki ndani. Pima kikombe kimoja, usubiri uwe vuguvugu, changanya na ile krimu ya nazi na kijiko kimoja cha asali. Asali ni ya kuvuta na kushika maji, na kijiko kimoja kinatosha. Zaidi ya hapo nywele zinanata.

Mwisho naongeza vijiko 2 vya kondishena ya kawaida ya dukani. Najua wapo watakaonuna hapa, kwa kuwa walitaka kila kitu kitoke shambani. Lakini unywele ulioharibika hubeba chaji hasi, na viambato vya kondishena vina chaji chanya, ndiyo maana vinang'ang'ania palepale palipoumia hata baada ya kusuuza. Jikoni kwangu sijapata kitu cha kufanya kazi hiyo. Nywele zenye dawa au rangi zinaihitaji kuliko zote, na sitamficha mteja wangu jambo hilo ili tu niiite stimingi yangu ya asili tupu.

Paka kwenye nywele zilizooshwa na bado zina majimaji, si zinazochuruzika. Gawa mafungu 8. Kila fungu lichanue kwa chanuo la meno mapana kuanzia nchani, panda kidogo kidogo mpaka juu, kisha lisokote. Sikiliza chanuo: likitoa mlio mkavu wa kukwaruza, ongeza mchanganyiko kabla hujaendelea kuvuta. Vaa kofia ya plastiki, funga juu yake taulo lililochovywa kwenye maji moto na kukamuliwa, na libadilishe likipoa. Nusu saa inatosha. Kulala nayo hakuongezi kitu, na nywele zinazokaa zimelowa usiku kucha, wiki baada ya wiki, zinalegea na kukatika. Mafuta ya nazi matupu, kama yale ya bibi, hayo unaweza kulala nayo.

Kwenye kusuuza, tumia maji ya vuguvugu. Mteja wangu mmoja alihamia Njombe kwenye baridi, akanipigia simu: "Dada, ile stimingi ya Dar huku inanitia mba." Nilimwomba anitumie picha. Haikuwa mba. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na yeye alikuwa anasuuza kwa maji ya bomba, asubuhi, mwezi wa saba. Yaliganda kichwani kama yanavyoganda kwenye chupa. Aliporudia kwa maji ya vuguvugu kilio kiliisha.

Vitu vingine nitavipitia haraka. Parachichi ni zuri likiwa limeiva sana, la aina isiyo na nyuzi, lisagwe kwa blenda na kuchujwa. Likipondwa kwa uma litakufanyia yale ya ndizi. Yai sitaki kabisa ule ute wake mweupe. Protini yake ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na ukilisuuza kwa maji moto linaiva kichwani. Kiini kina mafuta na lesithini, kinalainisha, lakini harufu inakaa, na tui linafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Alovera ikate uisimamishe robo saa, yale maji ya njano yatoke yote kwanza, maana yanawasha ngozi. Limau usipake. Ni kali mno, na ngozi yenye maji ya limau ikipigwa na jua inaweza kuungua kweli na kubaki na madoa. Magadi na baking soda vinayainua magamba na kuufanya unywele uwe mkavu. Sijui nani alianza kuvishauri kwa kichwa cha binadamu.

Mchanganyiko wangu ni wa nywele. Ngozi ya kichwa iache. Vijidudu vya jamii ya fangasi vinavyochochea mba vinaishi kwa mafuta, kwa hiyo mwenye mba akijipaka tui mpaka kwenye ngozi anaweza kuiongeza. Mapunye ya mtoto hayatibiwi kwa nazi, mpelekeni hospitali. Na nywele za mbele zilizorudi nyuma kwa sababu ya rasta za kubana, stimingi haitazirudisha; legeza msuko mapema, kabla mizizi haijafa. Kama hujawahi kupaka kitu fulani kwenye ngozi, weka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima.

Wapo wachache ambao nazi inawakakamaza nywele, zinakuwa ngumu kama brashi. Ukiona hivyo mara mbili mfululizo, acha tui, tumia ute wa bamia, asali na kondishena, na utakuwa sawa. Kwa wengine wote, mara moja kila wiki mbili. Nywele zenye dawa, kila wiki.

Tui halina kihifadhi, na kwa joto la Dar linachacha kabla ya jua kuzama. Kilichobaki kiweke friji siku mbili, au kimimine kwenye vile visanduku vya kugandishia barafu, kila kimoja cha kutosha fungu moja la nywele. Siku ya kutumia toa vipande 8, viyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya maji moto, vikoroge mpaka krimu na ute virudiane, na unuse kwanza. Ukipata uchachu wowote, mwaga.