Uliza Bei Kabla Hujakaa: Kwa Mtalii wa Ndani Aendaye Zanzibar

Kila msimu wa sikukuu ukiisha, ndugu na marafiki wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma hunipigia simu za namna moja. Wamerudi kutoka Unguja, picha ni nzuri, bahari wameifaidi, ila pesa ziliisha siku ya pili na hawajui zilikwenda wapi. Nikiwauliza sahani ya Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni mjini Unguja, ilikuwa shilingi ngapi, jibu ni, "Tulikula kwanza." Nikiuliza teksi ya Nungwi waliipata kwa bei gani, "Alisema tutaelewana."

Kazi yangu ni kufundisha vijana wanaojiandaa kuwa waongoza watalii, kwa hiyo biashara hii naiona kwa ndani. Wanaoibiwa hasa ni wachache. Walio wengi wamelipa wenyewe kwa mikono yao, kwa sababu waliona haya kuuliza bei mbele ya mchumba, wakwe au watoto. Mlanguzi anaijua haya hiyo kuliko wewe unavyoijua, na ndiyo mtaji wake.

Anza na tiketi ya boti. Boti ziendazo kasi kati ya Dar na Unguja huchukua kama saa mbili, na kampuni zake zina ofisi karibu na bandari na pia huuza kwa mtandao. Utakuta nauli ya mkazi na nauli ya mgeni asiye mkazi, tena kwa madaraja. Tofauti hiyo ni halali na imebandikwa wazi. Utapeli uko nje barabarani, kwa yule kijana mwenye fulana inayofanana na sare anayekwambia ofisi imefungwa na yeye amebakiwa na tiketi mbili tu. Tiketi huandikwa jina la msafiri na hukaguliwa pamoja na kitambulisho. Ikiwa na jina la mtu mwingine, au ikiwa mgeni wako kutoka ng'ambo amekatiwa kwa nauli ya mkazi, mtalipa tena langoni na kijana hamtamwona. Mchukuzi naye mtajie bei mzigo ukiwa bado mkononi mwako. Ukishafika begani kwake, bei ni yake.

Ukishuka Malindi, bandari ya Unguja, utapokewa na papasi, yaani vijana wanaowasaka wageni. Wasiojua jina hili, papasi ni mdudu anyonyaye damu, jamaa ya kupe, na wenyeji hawakulichagua kwa bahati mbaya. Hata hivyo nisiwasingizie wote. Wapo watakaokuonyesha njia kwa uungwana na kukubebea mtoto. Unachopaswa kujua ni namna wanavyolipwa. Papasi akikufikisha kwenye nyumba ya wageni, mwenye nyumba humpa kamisheni, na kamisheni hiyo hutiwa ndani ya bei ya chumba chako. Chumba hichohicho ungekiingilia peke yako ungeweza kukipata kwa bei nafuu. Mwongoza watalii aliyesajiliwa ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Mwombe akuonyeshe. Wanafunzi wangu nawafundisha wasikasirike wakiulizwa, na anayekasirika amekwisha kujibu.

Teksi za Unguja hazina mita, basi swali la "kiasi gani" peke yake halitoshi. Uliza kama bei ni ya gari au ya kila kichwa, kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi, na kama kusubiri kumo ndani. Nimeona familia ya watu watano ikikubaliana bei kwa furaha, kumbe kila mmoja alikuwa anatajiwa yake. Ukiwa huna haraka, panda daladala: 116 huenda Nungwi, 309 Jambiani, 505 uwanja wa ndege. Utakaa ubavuni mwa tenga la samaki na utasimama kila kijiji, lakini utalipa anacholipa mwenyeji. Nauli muulize mama aliyekaa karibu nawe kabla konda hajafika. Boti ya kwenda kisiwa cha Changuu ina mtego uleule wa kichwa na chombo, pamoja na kingine: kiingilio cha kisiwa, kule kwa wale kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, mara nyingi hakimo kwenye bei ya nahodha. Hakikisha mmelisema hilo mkiwa bado ufukweni.

Sasa Forodhani, ambako ndiko wengi huumia. Jioni meza hupangwa mishikaki ya pweza, kamba, ngisi na nguru, taa zikamulika, moshi ukapanda. Muuzaji anachukua sahani na kuanza kuijaza huku akikuuliza habari za bara. "Onja na hii, kaka, kidogo tu." Anaongeza chapati. Mwenzake anakuletea juisi ya miwa ambayo hukuiagiza. Hakuna aliyetaja bei, na wewe unaona kuuliza sasa kutaonekana ubahili. Mkishamaliza, hesabu inafanywa kwa mdomo, na nani atabishana na mifupa ya samaki? Mimi mwenyewe, na ualimu wangu huu, niliwahi kulipia sahani mbili hapo pesa ambayo ingemlisha shemeji yangu na wanawe kwa wiki nzima. Sikusema kitu kwa sababu mke wangu alikuwa ameshafuta mikono na anacheka.

Dawa yake ni ndogo. Kabla sahani haijashikwa, uliza, "Mshikaki mmoja wa pweza shilingi ngapi?" Kisha taja idadi: "Nitilie miwili, na chapati moja, basi." Vinywaji usivyoagiza rudisha palepale kwa tabasamu. Zunguka bustani mara moja kwanza uone wenyeji wamekaa wapi. Penye msururu wa watu wa mjini wanaokunywa urojo, bei inajulikana. Penye msururu pia samaki hawalali. Samaki aliyechomwa jana akapashwa moto leo ni hasara nyingine, na hiyo utailipia usiku.

Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi ni ziara ninayoipenda, na watoto watafurahi kuona karafuu, mdalasini na hiliki mtini. Mwishoni kijana atapanda mnazi akiimba, mtavishwa kofia na tai za makuti, kisha mtasimamishwa mbele ya meza ya viungo. Bahashishi ya mpandaji ni hiari, toa unachoweza. Viungo vya pale kwa kawaida ni ghali kuliko vya sokoni Darajani, na kwenye mashamba mengi aliyekuleta ana fungu lake. Ukitaka kumuunga mkono mkulima nunua kidogo. Vya kupeleka nyumbani nunua Darajani.

Ila zafarani iache. Haioti Unguja. Mmea wake hutaka baridi ya kweli, na kwa wingi hutoka Iran. Kilo moja huhitaji maua zaidi ya 100,000, yanayochumwa kwa mkono, kila ua likitoa nyuzi tatu tu. Kwa hiyo kipakiti kilichojaa nyuzi nyekundu kinachouzwa kwa bei ya soda mbili hakiwezi kuwa zafarani; aghalabu ni petali za ua jingine lenye rangi tu. Kama umeshanunua, tia nyuzi chache kwenye maji. Zafarani halisi hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ya bandia humwaga rangi papo hapo na uzi hupauka.

Jambo la karafuu ni zito zaidi. Karafuu za mkulima hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, peke yake. Pakiti ya jikoni haina neno. Lakini mtu akikunong'oneza kwamba ana gunia la bei poa la kuvusha bara, hapo umealikwa kwenye magendo, na atakayekamatwa bandarini ni mwenye mzigo.

Hoteli nazo. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutaja bei kwa dola humu nchini. Ukiambiwa chumba ni dola kadhaa "halafu tutabadilisha", omba bei ya shilingi kwa maandishi, maana ubadilishaji wa kichwani mwa karani una faida yake.

Hatari mpya iko kwenye simu. Kurasa za mitandaoni huiba picha za nyumba ya ufukweni ya Paje au Kendwa, zikatangaza punguzo la sikukuu na kutaka malipo ya awali leo hii, kwa namba ya mtu binafsi. Unafika na mabegi unakuta hoteli haijui jina lako. Tafuta simu ya hoteli mahali pengine, siyo kwenye ukurasa huo, uwapigie na uwaulize kama wameona nafasi yako. Lipa kwa lipa namba ya biashara, na kabla ya kubonyeza namba ya siri soma jina linalotokea. Likiwa halifanani na la hoteli, acha hapo. "Ni la mhasibu wetu" ni jibu nililolisikia kwa waliotapeliwa mara nyingi mno.

Ukiwa umeshatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, kwa kuwa pesa ikishatolewa kwa wakala hairudi. Usifute ujumbe wala picha za mazungumzo. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa hizi. Ikiwa uko Mji Mkongwe, kituo cha polisi cha Malindi kiko hatua chache kutoka bandarini. Nenda siku hiyohiyo, kabla ya boti ya kurudi, hata kama kiasi ni kidogo na unaona haya kukitaja.