Kibanda umiza, uwanja na bei ya tiketi: soko ni lipi?

Simba au Yanga wakipangwa kuja Ruangwa kucheza na Namungo, simu yangu haipumziki. "Wakili, tiketi ya mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini, wamepandisha, twende Tume ya Ushindani?" Jibu langu ni lilelile: bei kubwa peke yake haitoshi. Sheria ya Ushindani ya 2003 haipangi bei ya tiketi. Inauliza kama muuzaji amelihodhi soko, na kama anaitumia nafasi hiyo kuua ushindani.

Kazi iko kwenye hilo neno "soko". Tuseme mzunguko umetoka 5,000 hadi 5,500. Shabiki wa Lindi mjini anapiga hesabu: nauli kwenda na kurudi, kula, tiketi. Asipoona faida anabaki mjini, anatoa hela kidogo kibanda umiza, kule mpira unakoonyeshwa kwenye TV, na goli analiona. Wakihama wengi mpaka aliyepandisha bei ajute, basi uwanja na kibanda ni soko moja. Wasipohama, uwanja ni soko peke yake na mwenyeji siku hiyo hana mshindani. Mimi naegemea hapo pa pili, maana anayebeba vuvuzela hadi Ruangwa hakufuata goli tu. Ila wakili wa klabu akija na picha za majukwaa matupu, jasho litanitoka.

Kibanda nacho kina mwenyewe. Mwaka 2021 Azam Media ilichukua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Si kosa, na klabu za mikoani zinazihitaji fedha hizo. Lakini kimbilio letu la bei nafuu limesimama juu ya king'amuzi kimoja.

Marekani, Mei 2024, Wizara ya Sheria na majimbo kadhaa waliishtaki Live Nation, kampuni ya kuandaa matamasha iliyoungana na Ticketmaster, muuzaji wa tiketi, mwaka 2010. Kesi ilihusu hasa matamasha, ingawa Ticketmaster huuza na tiketi za michezo. Kilichonivutia ni dai la mikataba mirefu inayozuia kumbi kumtumia muuzaji mwingine wa tiketi. Kampuni ilikana.

Kwa hiyo ukinijia na risiti yenye "ada ya huduma", nitakuuliza mambo mengine: nani alipewa kuuza tiketi peke yake, kwa miaka mingapi, na wengine waliruhusiwa kuomba kazi hiyo?

Na walanguzi wa getini? Hao wanashindana kuliko mtu yeyote uwanjani. Tume haina kesi nao.