Moyo Uliodunda Chini ya Sakafu

Wengi husimulia "The Tell-Tale Heart", hadithi fupi ya mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe (1843), kama hadithi ya mzimu: eti moyo wa mzee aliyeuawa ulirudi kudunda chini ya sakafu. Mzimu haumo. Muuaji aliweka mkono penye moyo wa maiti kwa dakika nyingi, haukupiga. Ndipo akamkatakata, akang'oa mbao tatu na kumficha. Tena sauti ile, mfano wa saa iliyoviringishwa pamba, aliisikia hata kabla ya kuua, na Poe anaieleza kwa karibu maneno yale yale mara zote mbili. Jambo hili wasomaji hulipita haraka. Polisi watatu waliofika nyumbani walipiga soga tu. Muuaji, kiti chake kikiwa juu ya mbao hizo, ndiye aliyepiga kelele na kukiri. Huenda aliousikia ulikuwa moyo wake mwenyewe.