Je, mbele za Mungu mwamini ni "nguo chafu"?

Katika maombi mengi ya hadhara utasikia: "Baba, sisi si kitu, hata mema yetu ni nguo chafu machoni pako." Msemo huo unatoka Isaya 64:6, na wengi huuchukua kama hukumu ya Mungu juu ya kila mwamini, siku zote.

Lakini anayesema pale si Mungu. Ni watu wanaomlilia. Ukisoma hadi mstari wa 10 na 11 utaiona hali yao: Yerusalemu ukiwa, hekalu limeteketezwa kwa moto. Ni maombolezo ya taifa lililokiri kwamba ibada yake ilikuwa imeoza. Na mstari wa 5, ambao ni nadra kunukuliwa, unasema Mungu humlaki afurahiaye kutenda haki. Angemlakije mtu kwa jambo linalomchukiza?

Mungu mwenyewe anaposema katika kitabu hichohicho, sura ya 43:4, anawaambia watu wake kuwa ni wa thamani machoni pake, naye amewapenda. Paulo naye, alipopokea akiwa gerezani msaada wa waumini wa Filipi kupitia mjumbe wao Epafrodito, aliuita harufu ya manukato, sadaka inayompendeza Mungu (Wafilipi 4:18). Msaada wa kawaida tu kwa mtu aliyefungwa!

Hili halifuti toba, wala halimpi mtu wokovu kwa mshahara wa matendo. Hapo Paulo hana utani. Ila kukiri dhambi ni jambo moja, na kujitukana kwa jina la unyenyekevu ni jingine.